Kumngoja Kaka, Saa Nne Asubuhi

9 Januari

Mwanangu Kisigino,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo, basi nimekuwahi. Mimi mzima, magoti yananung'unika lakini bado yananitii. Fundi viatu wa hapa chini anakusalimu. Anasema visigino vya wanafunzi wangu vinamgongea dari mchana kutwa, lakini kwa kuwa vikivunjika vinaletwa kwake, amenisamehe.

Nakuandikia karatasi, kwa anwani ya kazini kwako, kwa sababu ile ile ya siku zote. Simu yako unaiacha mezani sebuleni, ikilia anaipokea aliye karibu, na aliye karibu namjua. Wasalimie wa hapo nyumbani, wale wanaopenda kusalimiwa.

Sasa nina kesi na wewe. Jumapili iliyopita walinijia watu sita, wamependeza, mmoja kafunga tai, wanasema wamekuja kwenye Mchana wa Rumba. Kisigino, Mchana wa Rumba tuliufanya mwaka juzi! Ile tovuti uliyonitengenezea bado inautangaza kama mkate wa leo. Mimi nilikuwa napiga deki na ndala mguuni. Ningewaambia nini watu wenye tai? Nikaweka ndoo pembeni, nikawachezesha rumba na ndala zangu.

Ukumbi huu wa dansi una daftari lake, na tovuti ina mambo yake, na hivyo viwili havijuani. Siku ya wazi ya mwezi uliopita, ile ya kukaribisha yeyote kutoka mtaani, hakuja hata mmoja kwa sababu haikuandikwa kokote ila kwangu. Nataka nikiandika jambo mara moja lionekane kote. Nitengenezee hilo.

Shangazi yako

24 Januari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako ilinikuta na kikohozi, nikacheka hadi bosi akaniletea maji. Sasa nimepona. Baba naye hajambo. Tangu astaafu amefungua redio zote za nyumba hii na kuzifunga tena, na kila zikifungwa inabaki skrubu moja mezani. Akichoka na redio anakuja kusimama nyuma ya kiti changu na kuniuliza hiki kitufe cha nini na kile cha nini.

Kazi yako nimeimaliza. Sikiliza vizuri. Kwenye simu yako kuna kalenda, na kwa kompyuta yangu ya huku nimeigawa rangi mbili. Ya kijani ni ya watu: chochote utakachoandika humo, ndani ya saa moja kitatokea kwenye tovuti chenyewe, na chini yake tovuti itaongeza maneno haya: "Wote mnakaribishwa. Hakuna kiingilio. Njoo na viatu vyepesi." Nyekundu ni yako peke yako, haiendi popote. Chukua daftari lako la mwaka, hamishia yote kwenye simu, kila jambo kwenye rangi yake. La kila wiki au kila mwezi liandike mara moja, uchague "irudie".

Baba hakuuliza habari zako. Lakini nilipokuwa naitengeneza tovuti, alizima redio.

Miaka kumi na miwili, Shangazi. Ninyi ndio mlioupata ukumbi huo, mlipaka kuta kwa mikono yenu, na leo kila mmoja akitaka kujua habari za mwenzake ananiuliza mimi hali ya hewa. Siku mliyokosana nilikuwa bado shuleni. Nakumbuka tu Baba alirudi na viatu vyake kwenye mfuko, akaviweka juu ya kabati. Nini hasa kilitokea? Mimi ni mtu mzima sasa, ninaweza kuambiwa.

Mwanao, Kisigino

8 Februari

Kisigino wangu,

Nimefurahi kusikia kikohozi kimekuacha. Huku nako wazima, ila muuza magazeti wa mkabala amevunjika mkono kwa kujifunza hatua za rumba peke yake ngazini. Nimemwambia aje ukumbini avunjike vizuri.

Nimehamisha daftari lote, siku nzima, kwa kidole kimoja. Ajabu yako naiona: nikiandika huku, kinatokea kule. Lakini nina malalamiko. Darasa la wanaoanza ni saa nane mchana, nikaandika 8, na irudie kila Jumatano. Jumatano saa mbili asubuhi nagongewa mlango. Wazee wanane, wake kwa waume, wako tayari na viatu vyepesi, na mimi nina povu la dawa ya meno mdomoni. Tovuti yako imewaambia saa mbili asubuhi! Ijumaa vivyo hivyo, siku ya wazi ya saa kumi jioni wamekuja saa nne asubuhi. Nimefundisha wiki nzima bila kunywa chai.

Simu hii uliinunua wapi isiyojua saa?

Kuhusu lile ulilouliza, leo mkono umechoka.

Shangazi yako

20 Februari

Shikamoo Shangazi,

Pole kwa povu. Kosa ni langu, nilisahau kukwambia. Simu haihesabu saa kama sisi. Yenyewe inaanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo ukiiandikia 8 inaelewa saa mbili asubuhi, na ukiiandikia 4 inaelewa saa kumi alfajiri. Usijisumbue kurekebisha. Jana nimekaa nikazipitia saa zako zote moja moja, nimezisogeza mbele kwa saa sita, na nimeiwekea kalenda yako mtindo wetu. Sasa andika saa nane, itaelewa saa nane.

Huku hakuna jipya. Mvua. Baba ameninunulia kiti kipya cha kazi kwa sababu kile cha zamani, anasema, kilikuwa kinamzuia kuona kioo cha kompyuta vizuri.

Mkono ukipumzika, nipo.

Kisigino

3 Machi

Kisigino,

Salamu baadaye. Mzima, ndiyo, sote wazima, fundi viatu mzima, muuza magazeti kafungwa plasta. Sasa kaa chini.

Uliniambia kijani ni ya watu na nyekundu ni yangu. Mimi nyekundu siipendi, inanikumbusha kalamu ya mwalimu wa hesabu. Nikaandika yote kwenye kijani. Nikajisemea, mtu mzima kama mimi nina siri gani ya kutafutiwa rangi?

Alhamisi saa kumi na moja jioni mwalimu wa kwaya kaja, kasimama mlangoni, anatabasamu mpaka masikioni. Unajua amekuwa akiniandama niimbe sauti ya pili, na saa hiyo ndiyo anayopita, basi mimi huzima taa na kukaa kimya. Kwenye daftari niliandika "Kumkwepa mwalimu wa kwaya". Akanisomea kutoka kwenye simu yake, neno kwa neno, pamoja na "Wote mnakaribishwa". Akasema amekuja kunisaidia kumkwepa. Nilitamani sakafu ipasuke. Sasa naimba sauti ya pili kila Alhamisi.

Hilo nimelimeza. La Jumamosi ndilo lililonikaba.

Juzi Jumamosi, saa nne asubuhi, nimekaa kwenye benchi peke yangu kama kawaida, nasikia ngazi. Wanaingia watu kumi na mmoja. Kuna kinyozi, kuna muuguzi ametoka zamu bado na sare yake, kuna mama na binti zake. Nawauliza mmekuja kufanya nini, leo hakuna darasa. Muuguzi akanionyesha: "Kumngoja Kaka. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi. Wote mnakaribishwa. Hakuna kiingilio. Njoo na viatu vyepesi."

Nikawaambia jamani, hiyo si dansi, hayo ni mambo yangu tu, ninakaa hapa nikimngoja kaka yangu. Wakatazamana. Muuguzi akasema, "Mimi nilifikiri ni darasa. Lakini kama ni kumngoja mtu kweli, nina nafasi mpaka saa sita." Akavuta kiti. Na wengine wakavuta viti. Tukakaa, Kisigino, watu kumi na wawili, tunatazama mlango. Hakuna aliyeniuliza kaka gani wala yuko wapi. Binti mdogo wa yule mama akauliza kama kaka akija atakuja na biskuti.

Iondoe. Iondoe leo hii ukimaliza kusoma. Sitaki aione. Na unijibu hili: ulisema ulizipitia saa zangu zote moja moja. Hii nayo hukuiona?

Shangazi yako, kwa aibu

25 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii inakukuta umepoa. Pole sana kwa yote, ingawa nitakuwa mwongo nikisema sikuvunjika mbavu kwa mwalimu wa kwaya. Samahani kuchelewa kujibu. Barua ilikaa mapokezi, halafu nikawa na kazi nyingi, halafu kalamu, unajua tena.

Kuhusu kuiondoa, nalishughulikia. Tovuti hizi zina ukaidi wake. Unafuta kitu, zenyewe zinakumbuka. Inaweza kuchukua muda. Inawezekana Jumamosi ya kwanza ya Aprili bado itakuwepo, kwa hiyo usishtuke wakija tena wachache. Kwa mambo yako mengine nimekuhamishia yote kwenye nyekundu, pamoja na "Kujitazama kwenye kioo cha pembeni". Hilo lilionwa na watu arobaini, lakini sidhani kama kuna aliyejali.

Baba ameomba nimwonyeshe namna ya kukuza maandishi kwenye simu yake. Nimemwonyesha.

Kisigino

8 Aprili

Mwanangu Kisigino,

Huku hatujambo. Muuza magazeti ametolewa plasta na anacheza vibaya kuliko alivyokuwa, lakini kwa furaha zaidi.

Swali langu hukulijibu. Nimeliona shimo kwenye barua yako, ni kubwa, hata mimi na miwani hii nimeliona. Na fundi viatu, ambaye hajui hata kuwasha kompyuta, ameniambia kufuta neno hakuchukui wiki tatu.

Jumamosi walikuja kumi na tisa. Kinyozi kaja na mkewe. Nikaona haya kuwakalisha bure wakitazama mlango, nikasema basi tungoje tukicheza. Nikawafundisha hatua ya kwanza ya ile dansi yetu, ya baba yako na mimi, ambayo sijaifundisha mtu tangu aondoke. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Hawakujua, walifikiri ni mtindo, nao wakatetemesha yao.

Basi leo mkono haujachoka. Nitakwambia.

Ilikuwa siku ya maonyesho yetu ya kwanza makubwa. Ukumbi umejaa mpaka madirishani, tulipaswa kufungua sisi wawili, saa nne kamili. Saa nne ikafika, hayupo. Saa nne na robo, hayupo. Watu wanapiga makofi ya kutuhimiza. Fundi viatu alikuwa amepanda mapema kuniletea kiatu alichokitia kisigino. Nikamshika mkono nikaanza naye, maskini, na aproni yake. Katikati ya wimbo nikamwona baba yako mlangoni, viatu mkononi. Akatutazama. Akageuka. Mwezi huo huo akahama mji.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne, ndiyo ilikuwa saa yetu ya mazoezi tangu tulipopewa funguo. Hakuna mwanafunzi, mimi na yeye tu. Nikaiacha wazi, nikijua atakuja kunigombeza. Mwezi wa pili nikaiacha tena. Wanafunzi wakiuliza mbona saa ile hakuna darasa, nawaambia sakafu inapumzika. Kila mwaka nikinunua daftari jipya, hilo ndilo la kwanza kunakili. Nimemkasirikia na nimemkumbuka, yote kwa pamoja, na yote yamenichosha. Niliamini alinidharau, aliona kuchelewa kwake si kitu, na mimi nikachukua mtu mwingine kumkomoa. Na kweli nilimkomoa kidogo. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Usimwambie. Na kama ameshaona, usiniambie.

Shangazi yako

1 Mei

Shikamoo Shangazi,

Leo sina habari za nyumbani za kuanzia, kwa sababu habari za nyumbani ndizo zenyewe.

Niliiona ile ya Kumngoja Kaka. Nilipokuwa nasogeza saa zako niliiona, imeandikwa alfajiri kwa sababu ya ile 4 yako. Ningeweza kuihamishia kwenye nyekundu papo hapo. Badala yake niliisogeza ikae saa nne asubuhi, nikaiacha kwenye kijani, nikaenda kulala. Na uliponiagiza niifute, sikuifuta. Tovuti haina ukaidi wowote. Mwenye ukaidi ni mimi. Nisamehe, au usinisamehe mpaka umalize kusoma.

Nilipokuwa nafanya kazi ile, Baba alikuwa nyuma ya kiti. Aliona kabla yangu. Alinyoosha kidole kwenye kioo, akasoma kwa sauti ya chini, akasema, "Hii inarudiwa mpaka lini?" Nikamwambia, Baba, haina mwisho. Akaenda chumbani. Redio haikuwashwa siku mbili.

Jumamosi ya kwanza ya Machi alivaa shati la kutokea saa tatu na nusu, akakaa sebuleni na simu mkononi mpaka saa sita. Ya Aprili vivyo hivyo. Sikumuuliza. Ningemuuliza angesema anangoja habari za michezo.

Jumatatu hii ameniuliza kama mtu akienda kwenye jambo la tovuti lazima ajiandikishe kwanza. Nikasema hapana, limeandikwa wote wanakaribishwa. Akauliza, "Hata waliochelewa?" Nilijifanya nakohoa.

Leo asubuhi ameondoka na begi dogo. Amesema anakwenda kumtembelea rafiki yake wa kazini wa zamani. Rafiki yake huyo anakaa mtaa wa pili, na Baba ameelekea kituo cha mabasi ya mbali. Barua hii itafika baada yake, najua, na ninaipeleka posta hivyo hivyo kwa sababu siwezi kukaa nayo tumboni. Kama hakufika kwako, nijulishe kwa simu, yeyote atakayepokea ni mimi tu.

Mwanao mwongo, Kisigino

4 Mei

Kisigino,

Sijui kama umeniandikia, sijapata kitu. Nakuandikia kwa haraka kwa sababu ukumbi una mtu anayenisumbua, anataka kujua kila swichi ya ukutani ni ya nini.

Jana walikuwa ishirini na tatu. Nilikuwa nimewapa mgongo nikitafuta wimbo, nikasikia muuguzi anamwambia mtu aliyeingia, "Karibu, vuta kiti, na wewe umekuja kumngoja?" Nikasikia sauti inajibu, "Hapana, mama. Mimi ndiye niliyechelewa."

Sikugeuka. Nilibaki nimeshika kitufe cha muziki kama mtu aliyepigwa na umeme. Watu ishirini na tatu walielewa kabla sijajigeuza. Nilipomtazama niliona mzee, Kisigino. Alipoondoka hakuwa mzee. Kitu cha kwanza kilichonijia ni kuvua kiatu nimrushie. Nikavua kweli, nikakishika. Yeye akafikiri namkaribisha kucheza, akaanza kuvua vyake.

Nikamwuliza hapo hapo mbele za watu, siku ile ulikuwa wapi? Akasema alikuwa hapa. Alikuwa kwenye ngazi tangu saa tatu na nusu, amekaa kwenye kipandio cha tatu kutoka chini, mikono inamtetemeka, hawezi kufunga kamba za viatu. Aliogopa wale watu wote. Kaka yangu, aliyenifundisha mimi kutowaogopa watu! Alipopata nguvu za kupanda akakuta nimeanza bila yeye, na vizuri, akasema, hasa kwa mtu aliyevaa aproni. Akaona hahitajiki.

Miaka kumi na miwili nimeitazama milango hii, na kumbe alikuwa ngazini. Nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya kinyozi na mkewe, na binti mdogo akaniletea biskuti yake mwenyewe.

Baada ya hapo tulicheza. Tulicheza vibaya mno. Yeye amesahau nusu na mimi goti la kulia lilikataa nusu nyingine, na muuza magazeti akatuhesabia hatua kwa sauti kama mwalimu. Wamekubaliana wote kuja tena mwezi ujao. Nimewaambia sijui tena watakuwa wanamngoja nani, kinyozi akasema hiyo si kazi yangu, kila mtu ana wa kwake. Kwa hiyo iache kwenye kijani.

Na wewe usidhani umepona. Baba yako amenieleza mambo yote ya kiti na kioo, na aliyekuwa anakaa kwenye kiti hicho tunamjua. Nitakutia adabu utakapokuja, na uje karibuni.

Watu walipoondoka nilimwuliza, kwa nini hukuniambia unaogopa? Akasema, hukuniuliza. Nikamwambia, hukukaa nikuulize. Akasema angekaaje na mimi nimeshamshika mtu wa aproni? Nikamwambia mtu wa aproni alifika kwa wakati. Tukagombana, Kisigino, tukagombana tangu saa sita mpaka saa tisa mchana, mpaka fundi viatu akapanda kuuliza kama kuna usalama, tukamgombeza na yeye. Tuliyatoa yote ya miaka kumi na miwili, na mengine ya utotoni. Na hakuna aliyeondoka.

Shangazi yako